Mgongo Wenye Madirisha Manne

Mama Mutwiri tulimzika kwao Ruiri, Meru, mwezi wa nane uliopita, siku ya jua kali, na mwanawe Mutwiri alipopewa kipaza sauti awatambulishe wageni alinifikia mimi mapema kuliko nilivyotaka. "Yule pale mwenye kofia kubwa kama sinia ya pilau," akasema, "anaitwa Gacheri. Siku hizi ni mwandishi, kwa hivyo mchunge midomo. Tukiwa vijana tulifanya kazi pamoja Embu, kazi ya kupima nguo za kukinga jua. Na mashine ya kupimia ilipoharibika, mnajua nani aligeuka kuwa mashine? Si ni yeye!" Hema lote likacheka, kicheko kile cha matangani ambacho watu hukishukuru kwa sababu kinawapumzisha kulia. Nikainua mkono nikawapungia kama mgombea udiwani, nikacheka nao. Nilizaliwa na ualbino, na kwa miaka yote hii nimejifunza kucheka kidogo kabla ya wengine, ili kicheko kionekane ni changu. Lakini ngozi hii haifichi kitu. Watu wengine huona haya moyoni. Mimi haya yangu hutokea usoni, shingoni na masikioni, watu wakatazama. Mama mmoja aliyeketi kando yangu, mwenye kitambaa cha kikundi cha wanawake kichwani, aliniinamia akaninong'oneza, "Mwari, unaumwa?" Mwari kwa Kimeru ni msichana, aliniita hivyo kwa ukarimu tu. Nikamwambia ni joto.

Ya wazazi wangu na nyumba niliyozaliwa sitayaandika hapa. Hawakuwa Embu mwaka ule, na mengi ya yaliyotokea sikuwaambia. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya vitambaa, kitu ambacho watu wa kwetu walikielewa kuwa ni kusomea ushonaji kwa muda mrefu kupita kiasi. Nilipata kazi kwenye mradi mmoja Embu, nikapanga chumba mtaa wa Majimbo, nyuma ya nyumba ya mjane wa Kiislamu aliyeitwa Mama Zuhura. Marehemu mumewe alikuwa mchinjaji, na ndoano zake za nyama zilikuwa bado zinaning'inia verandani. Mama Zuhura alizitundikia leso za kuuza, ukiingia unapita katikati ya maua mekundu na methali. Chumba changu kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta. Wapangaji kadhaa walikuwa wamekikimbia kwa sababu hakikupata jua hata kidogo. Mimi nilipokiona karibu nipige magoti. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, kitanda kilikuwa cha chuma, na harufu ya vitunguu vya Mama Zuhura ilipenya chini ya mlango kila jioni ikaniita kabla yeye mwenyewe hajaniita. Alikuwa amekataa nijipikie. Alisema mtu aliyesoma sana hawezi kuaminiwa na mafuta ya moto. Kwa hiyo tulikula pamoja verandani, maharagwe na chapati siku nyingi, pilau Ijumaa, na huko ndiko nilikoeleza kazi yangu kwa mara ya kwanza kwa mtu aliyetaka kweli kuielewa.

"Ati nguo zinafanya mtihani?" aliniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Zinaulizwa nini?"

"Zinaulizwa, jua likipiga upande huu, linapita kiasi gani upande wa pili."

"Na zikifeli?"

"Zinapewa alama ndogo."

"Zinarudia darasa?"

"Hapana. Zinauzwa hivyo hivyo."

"Kama wanaume," akasema, akageuza chapati.

Mradi wenyewe ulikuwa na nia njema, na nasema hivyo bila kejeli. Ulitaka kuwashonea mashati watoto wa shule wenye ualbino, wa Meru na Embu, kwa kitambaa kilichopimwa, si kwa kubahatisha. Mkuu wetu alikuwa Bwana Nyaga, mtu wa Embu, mpole, nadhifu, aliyevaa tai hata Jumamosi. Mutwiri alikuwa dereva, na pia karani, mpokea wageni na fundi wa mlango uliokwama. Mimi nilikuwa mtaalamu. Nilikuwa na kabati langu, koti jeupe, na mashine, na niliipenda ile mashine kama watu wengine wanavyopenda gari. Lilikuwa sanduku la kutoshana na oveni ya mkate. Ndani upande mmoja kulikuwa na taa iliyotoa ile mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, ambayo ndiyo inayochoma; upande wa pili kulikuwa na jicho la kuhesabu kilichopenya. Unakata vipande vya kitambaa kutoka sehemu mbalimbali za jora, kwa sababu jora halifanani mwanzo na mwisho. Unabana kipande katikati, unasoma, unakigeuza, unasoma tena, na hesabu inatilia uzito zaidi ile mionzi inayoumiza ngozi zaidi. Ikipenya sehemu moja kati ya hamsini, kitambaa kinapewa hamsini. Ikipenya moja kati ya tano, kinapewa tano. Chini ya kumi na tano hakina ruhusa hata ya kujiita nguo ya kukinga jua. Na vipande vikitofautiana, alama inashushwa, haipandishwi. Kipimo kile kilikuwa na tabia ambayo sijaikuta kwa binadamu wengi: kikiwa na shaka, kinajipunguzia sifa.

Jora letu la mradi lilikuwa limekuja kutoka mbali, jeupe, laini, jepesi, na lebo yake ilisema hamsini. Lilipotoka kwenye nailoni, mashine ilikubali kwamba ni kitambaa kizuri. Lakini kanuni ilitaka kipimwe baada ya kufuliwa tena na tena, maana hakuna mtoto anayevaa shati jipya kila asubuhi. Ufuaji huo niliufanya mimi mwenyewe, uani kwa Mama Zuhura, kwa sabuni ya mche kama inayotumika nyumbani kwa hao watoto, huku majirani wakishangaa msichana wa ofisini anayefua viraka visivyochafuka. Nilipovirudisha kwenye mashine, alama zilikuwa zimeporomoka. Ulinzi wa kitambaa kile ulikuwa wa dawa iliyotiwa kiwandani, na dawa ilikuwa imebaki kwenye karai la Mama Zuhura. Hayo nayasema leo kwa sauti ya mtu anayejua. Siku ile nilimpelekea Bwana Nyaga habari kwa sauti ndogo, na yeye akatazama dirishani, akaona ukungu wa Julai umelala juu ya mji wote wa Embu kama blanketi lililolowa, akapata maelezo aliyoyapenda zaidi.

"Mashine imeshikwa na baridi," akasema.

Usicheke upesi. Julai ya Embu hulowesha chumvi, hufanya milango ivimbe, na kila mtu ana mjomba ambaye redio yake ilikufa kwa ukungu. Tuliifunika mashine kwa blanketi la mtoto. Tukaiwekea jiko la makaa, mlango ukiwa wazi, Mutwiri akipepea kwa jalada la faili na kuiuliza, "Sasa umepata nafuu? Utakunywa uji?" Nikapima tena, alama zikarudi vile vile. Bwana Nyaga akasema ugonjwa umeingia ndani. Ilikuwa lazima apate jibu, kwa kuwa mashati yalikuwa tayari kwa mafundi, na walimu wakuu na wazazi walikuwa wamekwisha kualikwa kuja kuyaona.

Ofisi zetu zilitenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba, na saa nne ilikuwa saa ya chai. Nilikuwa upande huu na kikombe na kipande cha nduma, Mutwiri amekaa mbele yangu, wakati sauti ya Bwana Nyaga ilipokuja kutoka upande wa pili, akizungumza kwenye simu na mtu wa juu yake. "Hapana, tusingoje fundi kutoka Nairobi. Tuko na albino mmoja hapa hapa ofisini. Ndiyo. Wa kweli kabisa, mweupe. Si ndiyo maana tulimchukua? Atatufaa." Nikairudisha nduma sahanini. Nilikuwa nimeishi miezi kadhaa nikiamini nilichukuliwa kwa ajili ya shahada. Nilikuwa hata nimeiwekea fremu. Mutwiri alikuwa amesikia kama nilivyosikia, na alifanya lile jambo la huruma na la kinyama ambalo watu hufanya: akasukuma sukari upande wangu. "Kunywa chai, Gacheri," akasema. "Itapoa."

Kesho yake Bwana Nyaga aliniita, akafunga mlango, akanieleza kwa upole mwingi kwamba si amri. Vitambaa vingelazwa juu ya ngozi yangu, ngozi ingewekwa juani, na tungeona kipi kinakinga na kipi hakikingi. Alisema wenye ngozi kama ya kwake wangekaa siku nzima bila kuonyesha chochote. Nikasema sawa. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikukataa, na kila mara natafuta sababu yenye heshima, kama vile kuwapenda watoto wale. Niliwapenda. Lakini ukweli ni kwamba hatia na aibu si ndugu wa tumbo moja. Mwenye hatia hukimbia. Mwenye aibu huketi wima na kusema, ndiyo bwana, kama mtoto aliyekutwa amevaa kiatu cha mtu mwingine. Nilikuwa nimegundua sikuajiriwa kama mtaalamu, na nikaogopa nikikataa kuwa kile kingine, ngozi ya majaribio, sitabaki kuwa chochote.

Tatizo lililobaki lilikuwa jua, ambalo Embu haikuwa nalo. Mutwiri ndiye aliyelikumbuka. "Liko kwetu," akasema. "Ruiri saa hii watu wanaanika maharagwe. Ukungu wote mlima unawaachia nyinyi huku." Kwa hiyo mpango ukawa kuzunguka mlima, kama wafugaji wanaofuata malisho, isipokuwa sisi tulikuwa tunafuata jua na mzigo wetu wa kuanika ulikuwa umeketi kiti cha mbele.

Shati la kazi hiyo nilishona mwenyewe, kwa cherehani ya Mama Zuhura. Nilichukua shati zito jeusi, nikakata mgongoni miraba minne, miwili juu na miwili chini, kama dirisha la vioo vinne. Mraba wa kwanza niliuziba kwa kitambaa cha mradi kilichofuliwa. Wa pili kwa kitambaa cha shati jeupe la kawaida la shule. Wa tatu kwa kitambaa kizito cha buluu wanachoshonea ovaroli. Wa nne niliuacha wazi, kwa sababu kipimo kinahitaji kitu cha kulinganisha, na katika jambo lile nilikuwa mtaalamu hadi mwisho. Mama Zuhura alilinyanyua shati akalitazama dhidi ya taa.

"Hii imeliwa na panya gani?" akauliza. "Panya waliosoma jiometri?"

"Ni ya kazi, mama."

"Kazi ya nani?"

Nikakata uzi uliobaki. Alilikunja vizuri sana, pindo juu ya pindo, kama mtu anayekunja nguo ya mgonjwa.

Nyumbani kwa kina Mutwiri kulikuwa na ua mpana wa udongo mkavu, ghala la mbao, ng'ombe wawili, na turubai kubwa lililojaa maharagwe. Mlima ulikuwa nyuma yetu, na jua lilikuwa jua. Mama Mutwiri alitukaribisha kwa chai na viazi vya kuchemsha, akaniita mtoto wangu, akanisogezea kiti mahali pa kivuli bila kuambiwa na mtu. Kisha Mutwiri akakichukua kile kiti akakipeleka uani, kando ya turubai. Nikaingia ndani nikabadilisha shati, nikarudi na kofia, suruali ndefu na leso ya Mama Zuhura shingoni. Nilikuwa nimefunikwa kila mahali isipokuwa ule mraba mmoja. Niliketi nikalipa jua mgongo. Mutwiri alisimama mbali na saa mkononi, amegeukia upande wa ng'ombe.

Sitasema yalikuwa maumivu makubwa. Mwanzoni ni joto, kisha ni kama mtu anakusukuma kwa kidole mahali pamoja. Kilichoniuma zaidi ni kuku. Walikuja wakasimama mbele yangu, wakaniangalia kwa jicho moja moja, wakaondoka. Mama Mutwiri alikuja na reki ya mbao kugeuza maharagwe. Akageuza upande mmoja wa turubai, akafika kwangu, akasimama.

"Mutwiri," akaita kwa Kiswahili, ili nami niwe shahidi, ingawa Kimeru nilikijua kama yeye. "Huyu mtoto wa watu unamuanika?"

"Ni kazi ya ofisi, mama. Tunapima nguo."

"Hamjui jua linachoma?"

"Tunajua. Tunataka kujua ni kiasi gani."

Alimtazama mwanawe, akanitazama mimi. "Maharagwe mimi nayageuza," akaniambia. "Wewe nani atakugeuza?" Nikacheka, kidogo kabla ya wakati. Yeye hakucheka. Alitupa reki, akavua shuka lake zito la mabegani, akanifunika kuanzia kichwani hadi kwenye miguu ya kiti, nikawa gizani ndani ya harufu ya moshi na maziwa. "Kiasi kimefika," nikamsikia akisema juu yangu. Humo ndani ndimo nilimolia. Ningependa kuandika kwamba nililia kwa kuguswa na wema. Nililia kwa sababu alikuwa ameona. Mpaka alipofika yeye, nilikuwa nimefaulu kujidanganya kwamba tulikuwa tunafanya sayansi.

Usiku ule mgongo ulikuwa unawaka, na kwa kuwa mtu hajioni mgongo, ilibidi nisomewe. Nililala kifudifudi chumbani Majimbo, Mama Zuhura akiweka vitambaa vya maji baridi, akivitoa, akiinama na taa. Aliapa kwanza, akamlaani mtu asiyemjua, kisha nikamwomba anieleze mraba kwa mraba.

"Huu wa wazi ni nyanya," akasema. "Nyanya iliyoiva ikapita."

"Na wa juu, kushoto?"

"Huu nao ni mwekundu. Si nyanya. Tuseme kitunguu."

Hicho kilikuwa kitambaa cha mradi, cha hamsini.

"Wa shati la shule?"

"Umepata waridi kidogo. Huo hauna neno."

"Na ule wa chini, wa ovaroli?"

Nikahisi kidole chake kikipapasa. "Hapa hakuna kitu," akasema. "Hapa ni wewe tu."

Mashine haikuwa na baridi. Ilikuwa imesema kweli tangu mwanzo, ikafunikwa blanketi kwa ajili ya kusema kweli. Na nilicheka ndani ya mto, Mungu anisamehe, kwa furaha ya mtaalamu ambaye matokeo yake yamekubaliana. Hiyo nayo naionea haya.

Bwana Nyaga nilimwambia kwa mdomo, na kwa staha nikamwonyesha kipande cha juu kabisa, ukosi ukiwa umevutwa kidogo. Akageuza macho upesi, kwa adabu. Akafikiri. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba maisha yangu yote kama kokoto kiatuni: "Lakini Gacheri, hatuwezi kutegemea hiyo. Ngozi yako si ya kawaida. Hata shati zuri lingefeli kwako."

"Mashati ni ya nani, bwana?" nikauliza.

"Ni ya watoto."

"Watoto gani?"

Akapanga kalamu zake. Akasema tutalizungumza baada ya mkutano.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa kanisa, mgongo wangu ukiwa umeanza kubambuka kingoni. Walikuwepo walimu wakuu, mchungaji wa kufungua kwa sala, na wazazi, wengine wamesafiri tangu alfajiri, na watoto wao wamekaa mstari wa mbele wakikunja macho kwa mwanga wa madirisha, kama ninavyokunja mimi. Bwana Nyaga aliinua shati jeupe lililoshonwa tayari, akasoma lebo. "Hamsini!" akasema, na watu wakapiga makofi. Nikasimama. Nilisema kwamba kitambaa hicho kikifuliwa hakifiki hata kumi na tano. Nikaeleza kuhusu taa, jicho, na sehemu moja kati ya ngapi. Nilikuwa nazungumza vizuri, nadhani, kama kwenye mtihani wa chuo, na niliona nyuso za wazazi zikifungwa moja baada ya nyingine. Bwana Nyaga akatabasamu kwa huzuni. "Gacheri ni mtaalamu wetu na tunamheshimu. Lakini mashine yetu, kwa bahati mbaya, ni mgonjwa." Upande mmoja kulikuwa na lebo iliyochapishwa, upande wa pili msichana. Mwalimu mkuu mmoja akaangalia saa.

Basi nikageuka, nikawapa mgongo, nikafungua vifungo vya blauzi, nikaishusha mpaka kiunoni. Mbele nilijikinga kwa mikono yangu. Nilikuwa nimetazama ukuta wenye kalenda ya kanisa, na nilisikia ukumbi ukivuta pumzi, kiti kikianguka, na mchungaji akisema "Bwana wangu" kwa namna ambayo haikuwa sala. Kisha nikasikia viatu vya plastiki vinakuja juu ya saruji. Alikuwa mama mmoja kutoka Kangeta, mfungaji miraa sokoni, aliyekuja na binti yake. Sikumwona uso mpaka baadaye. Nilichojua kwanza ni kidole chake, kigumu kwa kazi, kinachopita juu ya mraba wa kwanza, wa pili, kinaruka, kinafika chini, kinasimama.

"Hapa mlifunika na nini?" akauliza.

"Kitambaa cha ovaroli, mama," nikauambia ukuta. "Cha buluu."

"Basi mimi nachukua hii," akasema, akigonga gonga. "Hii hapa. Hizo zingine wekeni."

Ndivyo ilivyoamuliwa. Mzazi wa pili akaja, akaangalia, akasema hata yeye, hii. Walichagua mgongoni mwangu kama watu wanaochagua kitambaa dukani, na nilisimama pale kama kaunta. Watoto walishonewa mashati ya buluu ya mikono mirefu, mazito, ya joto, yasiyo na urembo wowote, wakaonekana shuleni kama makanika wadogo, na hawakuungua. Bwana Nyaga hakunifukuza. Alikuwa mtu mwema, na hakunitazama tena usoni mpaka mwaka ulipoisha nikaondoka mwenyewe. Mjini habari ilikuwa imekwisha kukatwa na kushonwa upya. Haikuwa habari ya kitambaa. Ilikuwa ya yule zeruzeru aliyevua nguo kanisani. Nilipopita sokoni vijana walinipigia mbinja. "Madam, leo hutupimii?" Nilijua nilifanya sawa. Nimejua hivyo kila siku tangu wakati ule, na kujua huko hakujawahi kunisaidia. Jua liliacha alama, si za wekundu, huo ulikwisha, bali madoadoa ya kahawia yaliyokusanyika katika miraba miwili iliyonyooka kama shamba lililopimwa. Daktari wa ngozi anayenikagua kila mwaka aliniuliza siku ya kwanza ni nini. Nikamwambia ni mtihani wa zamani. Akaniuliza nilifaulu, nikasema ilifaulu ovaroli.

Nilisema kwamba Mutwiri alipotaja mashine hema lilicheka. Hadithi nimeikatia hapo kwa sababu mimi huacha kusikiliza hapo hapo. Lakini hakuwa amemaliza. Alingoja kicheko kiishe. "Mnacheka," akasema. "Mimi pia nilicheka mwaka ule. Mama hakucheka. Jumapili iliyofuata nilikuja nyumbani, na nguo zangu nzuri za Embu. Akanipakulia chakula, akakiweka pale uani, kando ya turubai. Akaniambia, toa shati, kaa hapo ule, na usiinuke mpaka mimi niseme kiasi kimefika." Akahamisha kipaza sauti mkono wa pili. "Chakula kikapoa. Majirani wakapita wakanisalimu. Mwanaume mzima. Hakusema mpaka kivuli cha ghala kiliponifikia miguuni. Huyo ndiye mama tunayemzika leo." Hakuna aliyecheka. Miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia, wala mama yake, niliyempelekea majani ya chai kila Krismasi na kukaa naye jikoni, tukizungumza habari za ng'ombe.

Akaendelea na mambo mengine, shule aliyosomeshwa, magonjwa, shukrani kwa kanisa. Jua nalo lilikuwa linaendelea na safari yake, na kivuli cha hema kikahama taratibu bila mimi kukiona, kwa kuwa nilikuwa nimeinamia miguu yangu. Ghafla Mutwiri akaacha katikati ya sentensi. "Hapo nyuma," akasema kwenye kipaza sauti, "hebu sogeeni. Sogeeni, jamani, jua limemfikia Gacheri begani. Kiasi kimefika." Safu nzima ikainuka. Viti vya plastiki vikaburuzwa, wazee wakashikwa mikono, jeneza likangoja, na watu mia na zaidi wakageuka kuangalia mwanamke mmoja mwenye kofia akihamishwa kama meza. Uso wangu uliwaka kuliko siku ile ya kalenda. Yule mama wa kikundi akanivuta mkono, akaniketisha ndani kabisa, karibu na mlingoti, akanichunguza.

"Mwari, bado unaumwa?"

"Hapana," nikamwambia. "Naona haya tu."

Akanirekebishia leso mabegani, akageukia jeneza. "Basi ona haya kivulini," akasema.